Blanketi la viraka, mbwa mmoja na kishonanguo: shajara ya miezi minne

11 Januari: kukata

Nataka blanketi la viraka la kutandika kwenye kochi, sentimita 100 kwa 120. Malighafi ni mashati sita yaliyokwisha kola, shuka moja kuukuu la upande wa chini, na blanketi jembamba la pamba lililochakaa kingo ambalo litalala katikati kama kijazio.

Viraka ni 120, kila kimoja sentimita 11.5 kwa 11.5. Nikiacha milimita 7.5 za mshono kila upande, kinabaki sentimita 10 kamili na hesabu haisumbui. Mgongo wa shati moja la mtu mzima hutoa viraka 20, kwa hiyo sita zinatosha bila kugusa mikono. Shati jekundu nilililoweka peke yake na leso nyeupe. Leso ikatoka ya waridi. Maji ya tatu ndiyo yaliyotoka safi.

Kosa la siku: shati la michirizi niliamini ni pamba. Pasi ilipoligusa liling'aa kama limepakwa mafuta, likajikunja. Nilichomoa nyuzi mbili nikaziwasha kwenye sinki. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Huu uliyeyuka ukaacha kishanga kigumu cheusi. Viraka 20 vikaenda na maji, nikavifidia kutoka kwenye mikono ya mashati mengine. Washa uzi kabla ya kukata, si baada.

Ratiba niliyojiwekea naiandika hapa kama ilivyo: Jumamosi asubuhi kushona, mchana bustani, jioni kumsafisha mbwa. Mbwa wetu ni jike, anaitwa Kumbi, kwa sababu manyoya yake marefu ya kujikunja yana rangi ya makumbi. Leo alilala juu ya rundo la viraka wakati nikikata. Niliona ni jambo la kupendeza, hata nikampiga picha.

Gharama: saa 5, shati 1.

18 Januari: milimita moja

Nilishona safu tatu za viraka kumi kumi. Kwa hesabu, safu ambayo haijaunganishwa kingo iwe na urefu wa sentimita 101.5. Ya kwanza ilikuwa 101.5. Ya pili 100.8. Ya tatu 99.7. Nilipima tena nikidhani futi ya kupimia imelegea.

Futi haikuwa na kosa. Katika safu ya tatu mshono wangu ulikuwa milimita 8.5 badala ya 7.5. Milimita moja, lakini inaliwa na vitambaa viwili, na safu ina mishono tisa: sentimita 1.8 zimepotea. Safu tatu za urefu tofauti hazishonwi pamoja bila kuvuta, na ukivuta blanketi hujaa mawimbi.

Dawa ilikuwa utepe wa karatasi wenye gundi. Nilipima milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, nikabandika tabaka tano za utepe huo juu ya bati la cherehani hadi zikawa ukuta mdogo. Kitambaa kinatembea kikiegemea ukuta, macho yanapumzika. Kabla ya safu yoyote sasa nashona viraka vitatu vya majaribio na kupima cha katikati. Kikiwa sentimita 10, naendelea.

Shangazi alipita jioni. Nilimwamkia, akaitikia huku ameshatupa jicho kwenye pasi.

"Mwanangu, hiyo pasi unalima nayo? Iweke, iinue. Ukiisukuma unavuta kitambaa."

Kweli. Nilikuwa nikitelezesha, na viraka vilivyokatwa kwa mshazari wa nyuzi vilikuwa vimegeuka kuwa almasi. Alinionyesha pia kulaza mishono ya safu ya kwanza upande wa kulia na ya pili upande wa kushoto, ili safu mbili zikikutana mishono iumane kama meno. Pembe zikakaa zenyewe.

Gharama: kufumua safu mbili, saa 2 na nusu.

26 Januari: nilivyomuogesha vibaya

Mchana nilipalilia kando ya uzio. Kumbi alikuwa nami, akajiviringisha kila mahali. Jioni alikuwa tope tupu, nikamtia kwenye beseni moja kwa moja, nikampaka shampuu yangu mwenyewe.

Makosa mawili kwa pigo moja. La shampuu ni dogo: ngozi ya mbwa iko karibu na pH 7 wakati ya mtu iko karibu na 5.5, hivyo shampuu ya watu humkausha na kumwasha. La pili ndilo lililotugharimu. Manyoya yake yalikuwa na mafundo nyuma ya masikio na kwenye makwapa. Fundo likilowa kabla halijafumuliwa hujikaza linapokauka, kama sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto. Asubuhi mafundo yalikuwa vibonge vigumu vilivyoshika hadi kwenye ngozi, na Kumbi alikuwa akitembea miguu ya mbele imebanana.

Nikachukua mkasi wa kushonea. Usifanye hivyo. Fundo huivuta ngozi ndani yake. Nilidhani nakata manyoya, kumbe ni ngozi ya kwapa, laini kama ya kope. Alilia mara moja tu. Jeraha la sentimita moja, halikuhitaji nyuzi, lakini daktari wa mifugo alimvika ile kola pana ya plastiki ya kumzuia asijilambe, siku saba. Siku zote saba alikuwa akigonga miguu ya meza ya cherehani.

Gharama: safari moja kwa daktari, wiki moja ya kola, na mkasi wangu mzuri uliopoteza makali kwa manyoya.

9 Februari: kufumua

Kola imetoka. Nimetumia jioni tano, dakika 15 kila moja, naye amelala ubavu juu ya taulo. Hatua zilizofaa:

Nyunyiza wanga kidogo wa mahindi ndani ya fundo, usugue kwa vidole hadi uteleze. Shika manyoya kwenye shina kati ya vidole viwili ili mvuto usifike kwenye ngozi. Anza kuchana kwenye ncha, si kwenye shina. Ncha ikifunguka panda kidogo. Kwenye mwili mzima, gawanya manyoya kwa mistari kuanzia chini ukienda juu, brashi kwanza, kisha chanuo la chuma. Chanuo likipita kutoka kwenye ngozi hadi ncha bila kukwama, pale pamekwisha. Brashi peke yake hudanganya: juu panakuwa laini na chini pamefungana. Fundo lisilokubali hata hivyo linanyolewa kwa mashine, na mashine yenyewe iguswe kila baada ya dakika chache, maana wembe wake hupata moto.

Jioni ya tatu ndipo nilipoanza kuzitamani dakika hizi. Nyumba imetulia, redio chini chini, mbwa anakoroma.

Lakini habari ya leo ni kilichokuwa ndani ya mafundo. Karibu kila kimoja kilikuwa na mbegu ya kishonanguo katikati yake: kijiti cheusi chembamba chenye miiba miwili au mitatu kichwani, na kila mwiba una vijino vinavyoangalia nyuma. Kinaingia, hakirudi. Manyoya yanajisokota kukizunguka. Nimezihesabu nikazitia kwenye chupa: 63.

Kwa hiyo tatizo la manyoya ni tatizo la uzio.

16 Februari: fyekeo

Nilifyeka kishonanguo chote kando ya uzio kwa nusu saa, nikajipongeza. Kilikuwa kimekwisha kukomaa. Kila pigo la fyekeo lilirusha mbegu pande zote, na Kumbi akapita katikati kama brashi yenye miguu. Hesabu ya chupa jioni ile: 88.

Mmea mmoja wa kishonanguo hutoa mbegu kwa maelfu, na nyingi huota mara tu zinapopata mvua. Nilikuwa nimepanda.

23 Februari na 1 Machi: njia ya pili

Safari hii taratibu. Mimea yenye mbegu: vichwa vinakatwa kwanza kwa mkasi wa bustani, vinaangukia moja kwa moja ndani ya mfuko, ndipo mmea unang'olewa. Ambayo haijachanua inang'olewa tu. Udongo ukiwa umelowa mzizi hauna ubishi. Mfuko wa vichwa hauendi kwenye mboji. Lundo langu halipati joto la kutosha kuua mbegu, na kuzitia humo ni kuzihifadhi kwa msimu ujao.

Kisha nilitandaza katoni zilizofunguliwa, gundi na pini zake zimetolewa, zikilaliana kingo kwa upana wa kiganja. Nikamwagilia hadi zikalegea, nikaweka juu matandazo ya majani makavu na vipande vya mbao, unene wa sentimita 8. Ukanda wa upana wa mita moja uzio mzima. Nimeacha njia nyembamba katikati kwa ajili ya mbwa, kwa kuwa atakagua uzio nitake nisitake.

Manyoya aliyochanwa nayatia kwenye mboji, yana nitrojeni, lakini yatawanywe membamba; yakiwekwa kwa bonge yanakaa vile vile mwaka mzima. Wiki ambazo amepakwa dawa ya kupe au viroboto hayaendi huko, yanatupwa.

Kosa: kwenye matuta mawili ya maua nyuma ya ukanda nilichanganya unga wa mifupa. Kwa mbwa, huo si mbolea, ni mwaliko. Asubuhi nilikuta mashimo matatu, miche sita juu juani, na pua nyeupe. Alitapika mara moja usiku na kupona, lakini daktari alinieleza kwamba mbwa akila unga huo mwingi unaweza kuganda tumboni kama saruji. Nimeuondoa wote niliouona, nimeweka mboji iliyooza vizuri, na chini ya matandazo nimelaza wavu wa kuku. Akifukua mara mbili, kucha zinakutana na waya, anaacha. Nilipokuwa nikisoma maandishi kwenye mifuko ghalani nilikuta pia mashudu ya mbarika na chambo cha konokono chenye metaldehidi. Vyote viwili huua mbwa. Vimetoka nyumbani siku ile ile, vimefungwa.

Gharama: saa 9 kwa siku mbili, miche 6, mgongo.

8 Machi: tabaka tatu

Uso wa viraka ulikwisha wiki iliyopita, sentimita 101.5 kwa 121.5, na kwa mara ya kwanza pembe zinakutana. Leo ni kuweka tabaka: shuka chini, kijazio, uso juu. Shuka na kijazio vizidi uso kwa sentimita 10 kila upande. Shuka nililibandika sakafuni kwa utepe ule ule likiwa limenyooka bila kuvutwa, nikapiga bandi kwa pini za nepi kuanzia katikati kwenda nje, kila upana wa kiganja. Pini 96.

Nilianza kushona mistari, pia kutoka katikati. Mstari wa saba nilipitisha kiganja upande wa chini kuulainisha, nikachomwa. Nikadhani ni pini. Haikuwa pini. Kishonanguo kilikuwa kati ya shuka na kijazio, miiba yake imetokeza kwenye shuka kama masharubu. Jina lake sikulitungia mimi.

Kwa kuwa vijino vinaangalia nyuma, kukivuta kirudi kilikotoka ni kupasua nyuzi. Nilifumua sentimita 30 za mshono, nikaingiza kibano. Kisha nikaanza kupapasa blanketi zima, kiganja juu na kiganja chini, sentimita kwa sentimita. Zilikuwa nne. Mbili kwenye kijazio, moja ndani ya mkunjo wa mshono wa kiraka, moja nimeshaieleza. Sakafu nilikuwa nimeifagia. Viraka sikuvifagia, na ndivyo alivyolalia tarehe 11 Januari. Picha bado ninayo, na ukiikuza unaona moja imenasa kwenye paja lake.

Hofu nyingine, ya usiku: pini zilizotoka 96, zilizorudi 95. Kumbi alikuwa chumbani muda wote. Tulitafuta na tochi hadi saa sita. Ilikuwa imejifunga kwenye mkono wa sweta langu. Tangu leo hesabu ya pini inaandikwa ukutani, na vipande vya uzi vinakwenda kwenye kopo lenye kifuniko. Uzi uliomezwa unatisha sawa na sindano: ukinasa upande mmoja, utumbo hujikusanya juu yake kama kamba ya suruali, na hapo ni upasuaji.

Gharama: saa 4, nusu yake kupapasa.

9 Machi: ratiba mpya

Ratiba ya Januari ilikuwa kinyume. Bustani hutangulia, mbwa hufuata, kitambaa mwisho, na si siku moja. Jumamosi mchana nalima. Nikimaliza, Kumbi anachanwa nje, mlangoni, akiwa mkavu, kabla hajakanyaga ndani. Nguo zangu nazo zinapapaswa. Jumapili asubuhi, kama anahitaji, anaoga: maji vuguvugu, mkeka wa mpira chini ya beseni asiteleze, shampuu yake, kisha masikio yakaushwe kwa pamba bila kuingiza ndani. Kushona ni jioni za katikati ya wiki, mlango umefungwa. Analala upande wa pili akipumua chini ya mlango. Namwonea huruma hadi ninapokumbuka kile kibano.

29 Machi: cherehani inakohoa

Hesabu ya chupa baada ya wiki tatu za ratiba mpya: 19.

Upande wa chini wa mshono ulianza kutoa vitanzi. Nilibadilisha uzi, nikakaza, nikalegeza, nikaweka bobini upya, nikaharibu mistari miwili. Mwisho nilifungua bati la chini ya sindano. Kati ya meno na kikapu cha bobini kulikuwa na kitu kama kijinamda cha rangi ya makumbi: manyoya na vumbi la pamba vimeshikana. Nilikitoa kwa kibano na brashi ndogo kavu. Usipulize kwa mdomo, unasukuma vumbi ndani na kuongeza unyevu. Sindano nayo nilibadilisha. Ina kazi ya saa nane hivi, yangu ilikuwa imepitisha ishirini. Namba 80 ilitosha kwa kuunga viraka, kwa tabaka tatu nimeweka 90 na urefu wa mshono milimita 3.

Kitambaa chenyewe nakipitishia glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo. Manyoya yanajikusanya kama mistari, yanaokotwa. Inashinda kila kitu nilichojaribu.

13 Aprili: ukingo

Mistari imekwisha, 11 upande mmoja na 9 upande mwingine, yote kwenye mishono ya viraka. Kuna mikunjo miwili upande wa shuka ambayo sitaifumua.

Ukingo: vipande vya upana wa sentimita 6, vimeungwa kwa mshazari hadi mita 4.8, vikakunjwa mara mbili na kupigwa pasi. Mzunguko ni mita 4.46, kilichobaki ni cha pembe na kiungo. Pembe ya kwanza nilishona hadi mwisho wa kitambaa, ikatoka mviringo na nene. Simama milimita 7.5 kabla ya mwisho, kata uzi, kunja ukingo juu, urudishe chini, uanze tena kutoka juu kabisa. Pembe ya pili na ya tatu ni nzuri. Ya kwanza nimeifumua mara mbili, bado ina kidevu.

Chupa wiki hii: 7.

4 Mei: baada ya kufua

Lilifuliwa jana, likatoka sentimita 98 kwa 118, limejikunjakunja kidogo kati ya mistari, jambo ninalolipenda kuliko lilivyokuwa jipya. Nimepapasa mara mbili. Hakuna mwiba. Jumla ya mradi hadi leo: saa 61 za kushona na kufumua, saa 14 za uzio na matuta, dakika 15 za kuchana karibu kila jioni, vidonge 3 vya uzi, sindano 5.

Miche imeshika upya, minne kati ya sita. Kando ya uzio nimeng'oa vishonanguo vichanga tisa vilivyopenya kwenye kiungo cha katoni, vikiwa na majani manne tu.

Chupa wiki hii: 3. Lakini zote zilitoka kwapa la kushoto, na kwetu hakuna kilichochanua. Nilimfuata Kumbi kwa mbali leo asubuhi. Nyuma ya lundo la mboji kuna ubao uliolegea. Anausukuma kwa pua, anapita upande wa Mzee jirani, ambako kishonanguo kimefika magotini na kimejaa mbegu. Ubao nimeupigilia misumari miwili. Jumamosi nitampelekea Mzee shikamoo, mifuko miwili na mkasi wa bustani, nimwombe ruhusa ya kumpalilia.